Chumo la Mcheza Karata



Mas-ala yatakayoelezwa hapa ni ya zamani, lakini nguo yaliyovikwa ni mpya, na kwa sababu ya nguo hiyo watu wengi hawayatambui. Zamani mcheza kamari alikuwa mtu wa kujificha. Alicheza nyuma ya nyumba, akazificha karata zake apitapo mtu wa heshima, na akiulizwa chumo lake alitaja kazi nyingine. Leo wametokea vijana wasemao waziwazi kuwa mchezo wa karata uitwao poka ni kazi kama kazi nyingine: mtu hujifunza, hujizoeza, hutoka kwa wakati wake na kurejea na ujira wake. Hawasemi kuwa wanacheza. Husema kuwa wako kazini. Na katika hao wamo waliosoma chuoni, wajuao Kurani, wasioonja ulevi. Watu kama hawa haitoshi kuwakaripia juu ya mimbari. Mwenye hoja hujibiwa kwa hoja, na aliyekaripiwa bila ya kujibiwa huondoka akidhani kuwa ameshinda.

Basi na achukuliwe kijana mmoja wa Mwisenge kuwa ni mfano. Mwisenge ni sehemu ya mji wa Musoma, katika nchi ya Mara, penye Ziwa la Viktoria. Wasomao tarikhi wanaijua kwa skuli yake, kwani huko ndiko alikopelekwa Julius Nyerere mwaka 1934 kuanza kusoma. Haikuchaguliwa hapa kwa ubaya wake. Imechaguliwa kwa kuwa iko mbali na bahari na mbali na makasino ya Dar es Salaam, na hata huko simu ya mkononi imeufikisha mchezo mpaka kitandani. Kijana huyu hana jina, kwani ni wa kusawirishwa tu. Alikhitimu Kurani akiwa mdogo, na katika hesabu alikuwa hodari. Akajifunza poka kwa simu, kwanza bila ya fedha, kisha kwa fedha kidogo, kisha akawa hupanda basi mara kwa mara kwenda kukaa penye meza za watu wenye mishahara. Yapata miaka minne sasa anakula kwa karata. Nyumba ya mama yake ameiezeka mabati mapya. Havuti, halewi, hakopi. Na akiambiwa kuwa chumo lake ni haramu hujibu kwa adabu: “Nionyesheni kosa langu ni lipi.”

Ombi lake ni la haki, na atajibiwa.

Kwanza mchezo wenyewe na ueleweke, kwani kukihukumu kitu kabla ya kukijua si katika desturi ya wanavyuoni. Katika namna ya poka iliyoenea sana, kila mchezaji hupewa karata mbili azionazo peke yake, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kidogo kidogo, ziwe za wote. Kabla ya kufunuliwa na baada yake watu huweka dau. Anayeona dau limekuwa zito hujitoa, akaacha alichokwisha kuweka. Atakayebakia peke yake, au atakayekuwa na karata bora mwishoni, huchukua fedha yote iliyokusanyika. Kwa hiyo mtu aweza kushinda kwa karata dhaifu, akiwatia wenzake hofu kwa dau kubwa na uso mkavu. Na mwenye nyumba ya mchezo hucheza na hakuna: hukata sehemu yake katika kila fedha iliyokusanyika, ashinde huyu au yule.

Hoja ya kwanza ya kijana ni ustadi. Husema: “Kamari iliyoharimishwa ni ya bahati. Mimi sibahatishi. Nahesabu karata zilizobaki, nasoma tabia za watu, najua lini nijitoe na lini nisimame. Mwezi mmoja huenda nikapata khasara, lakini mwaka haupiti bila ya faida. Bahati haiwezi kumfuata mtu mmoja miaka minne.”

Katika hili amesema kweli, na wamkanushao hawaujui mchezo. Karata huja kwa bahati, lakini katika muda mrefu karata nzuri na mbaya huwafikia watu wote kwa kadiri iliyo karibu, na kinachobaki kuwatenga ni akili. Tena hoja yake ina asili katika vitabu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i walipoitazama michezo waliitenga namna mbili: ile inayotegemea kukisia, na ile inayotegemea hesabu na fikira. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, naye ndiye mtunzi wa Minhaj isomwayo katika madrasa za pwani tangu zamani, aliieleza nard, mchezo wa dadu, kuwa ni haramu kwa kauli iliyo sahihi, na sataranji kuwa ni makruhu tu. Vitabu vikautaja hata mchezo wa mashimo na vijiwe, ambao ni ndugu wa bao, na kauli zikahitalifiana: je, unafanana na nard au unafanana na sataranji? Basi kutafautisha bahati na ustadi si uzushi wa vijana wa leo.

Lakini hapo ndipo kijana aliposimama kusoma, na kitabu hakikusimama hapo. Maneno yale yale yaliyosema kuwa sataranji ni makruhu yameendelea kusema kuwa ikiwekewa mali kutoka pande zote mbili imekwisha kuwa kamari. Na katika sataranji hakuna bahati hata kidogo. Kila kitu kiko juu ya ubao, na macho yote yanakiona. Zaidi ya hayo, na atazame mlango wa mashindano. Sharia imeruhusu zawadi katika upigaji mishale na mbio za farasi na ngamia, kwa kuwa watu walizihitaji katika vita. Upigaji mshale ni ustadi mtupu. Hata hivyo, washindani wawili wakitaka kutoa mali wote wawili, kila mmoja kwa sharti kuwa atakayeshinda achukue, Mashafi'i hawakuwaruhusu ila aingie kati yao mtu wa tatu, ambaye akishinda hupata na akishindwa hatoi kitu. Basi kama ustadi ungalitosha kuihalalisha mali ya aliyeshindwa, mwenye mshale asingalimhitaji mtu wa tatu. Kilichotazamwa si kama mtu ametumia akili. Kilichotazamwa ni kuwa kila mmoja ameketi ama ageuke mwenye kupata kwa kukhasirika mwenziwe, ama ageuke mwenye kukhasirika ili mwenziwe apate, na hakuna mlango wa tatu.

Kijana aweza kusema: “Hukumu nimeisikia, lakini dhulma iko wapi?” Na hili ndilo swali lenye uzito, kwani mtu aweza kuitii hukumu na moyo wake usiridhike.

Na ihesabiwe meza moja. Wameketi watu tisa, kila mmoja na shilingi 100,000. Jumla ni 900,000. Tuseme mwenye nyumba kwa usiku huo amekata 90,000. Zimebaki 810,000. Kijana ameondoka na 300,000, yaani faida yake ni 200,000, na usiku wake ulikuwa mwema. Wale wanane waliokuja na 800,000 wamerudi na 510,000. Katika saa zile hapakulimwa shamba, hapakushonwa nguo, hapakufundishwa mtoto, hapakuponywa mgonjwa. Kila shilingi iliyomo mfukoni mwa kijana imetoka mfukoni mwa mtu aliyekuwa akimtazama uso kwa uso, na juu ya hiyo imetoka nyingine ya mwenye nyumba.

Akisema: “Na mvuvi je? Naye habahatishi?” Swali hili litokapo Mwisenge lina nguvu yake, kwani wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao bila ya kujua watarudi na nini, na upepo wa ziwa ukigeuka huenda wasirudi kabisa. Hakuna kamari yenye khatari kama hiyo. Jawabu ni kuwa khatari siyo iliyokatazwa. Mvuvi aliyerudi mtupu hakumtajirisha jirani yake kwa utupu wake, na aliyejaza mtumbwi hakuujaza kwa kuutoa mtumbwi wa mwingine. Na mfanyabiashara aliyenunua mchele ukashuka bei amekhasirika, lakini mchele upo, utapikwa na utaliwa. Hawa wamepambana na maji na upepo na soko. Yule amepambana na mfuko wa ndugu yake.

Na lugha ya wachezaji wenyewe imeshuhudia. Kwa Kiingereza mchezaji dhaifu humwita “samaki”. Hili si tusi la wapinzani wao. Ni neno la kila siku katika meza zao, na mchezaji wa kazi kabla ya kukaa hutazama kwanza kama samaki wapo. Wasipokuwapo, ila mabingwa watupu, huondoka akatafuta meza nyingine, kwani mabingwa wakilana wao kwa wao anenepaye ni mwenye nyumba peke yake. Mtu aliyezaliwa penye ziwa hana haja ya kufasiriwa neno hilo.

Hapa ndipo hoja ya ustadi inapomgeukia mwenyewe. Kama mchezo ungalikuwa bahati tupu, watu tisa wale wangalikuwa sawa mbele ya khatari. Upumbavu wao ungalikuwa wa pamoja. Lakini kijana asema kuwa yeye hana shaka na mwaka wake. Basi anajua, kabla ya kuketi, ya kuwa mwalimu yule wa skuli na dereva yule watatoka na upungufu. Hajui tu ni usiku gani. Na mwalimu hajui. Kila anapozidi kuuthibitisha ustadi wake, anazidi kuthibitisha kuwa mwenziwe ameingia gizani naye ameingia na taa.

Mtu atauliza: mwalimu huyo kwa nini harudi nyuma? Mbona hakuna atakayeweka mshahara wake kucheza bao na fundi wa bao? Bao lina mashimo 32 na kete 64, na zote zinaonekana zilipo. Nyerere, ambaye alijulikana kwa kulipenda sana, alicheza mbele ya watu na watu wakaona. Mchezaji dhaifu akifungwa na fundi leo atafungwa na kesho na kesho kutwa, na baada ya siku tatu ameijua kadiri yake. Katika poka dhaifu hushinda. Hushinda leo, hushinda pengine na kesho, kwa karata njema zilizomjia bila ya kuziita. Ushindi ule huukumbuka mwaka mzima, na khasara zake huziita mkosi. Basi bahati, ambayo kijana asema haiko katika kazi yake, ndiyo chambo cha kazi yake. Ustadi ndio unaochukua, na bahati ndiyo inayowarudisha watu waje wachukuliwe. Kuondoke bahati katika poka, na wachezaji wa kazi watakosa wa kucheza naye.

Jambo hili lilimtokea mtu kweli. Stu Ungar, mzaliwa wa New York, alikuwa hodari wa mchezo mwingine wa karata uitwao gin, ambao ustadi una nafasi kubwa zaidi ndani yake. Akawafunga watu mpaka hakupatikana mwenye kutaka kukaa naye kwa fedha. Ustadi wake ulipoonekana wazi, riziki yake ilikatika. Ndipo akaingia katika poka, akashinda mashindano makubwa ya dunia yafanywayo Las Vegas mwaka 1980, na tena 1981, na tena 1997, na mara hii ya mwisho zawadi ilikuwa dola milioni moja. Alichokipata kwa karata akakipoteza katika mbio za farasi na katika madawa ya kulevya. Mwezi wa Novemba mwaka 1998 akakutwa maiti katika chumba cha hoteli rakhisi huko huko Las Vegas, umri wake miaka 45, na fedha aliyokuwa nayo ilikuwa kiasi cha dola 800. Rafiki zake wakachanga kumzika.

Waonyaji wengi wangaliishia hapa, wakasema: tazameni mwisho wa mcheza kamari. Lakini haifai kuijenga hoja juu ya maiti mmoja. Doyle Brunson naye alikuwa mcheza poka. Alishinda mashindano yale yale mwaka 1976 na 1977, akaishi na mke wake na watoto wake, akafa mwaka 2023 mwenye umri wa miaka 89, naye ana mali na heshima katika watu wake. Kama kufilisika kwa Ungar ni dalili ya haramu, kutajirika kwa Brunson kutakuwa dalili ya halali, na hayo hayasemwi na mwenye akili. Mwizi naye pengine hufa mzee kitandani mwake. Uzito wa jambo hili hauko kwa mwenye kushinda, ukitaka kuuona. Uko kwa yule ambaye jina lake haliandikwi.

Na majina yasiyoandikwa ni mengi mno. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, ambaye ajabu ni kuwa jina lake la ukoo lina maana ya mtengeneza fedha, alijipatia nafasi katika mashindano ya Las Vegas kwa kucheza katika intaneti kwa dola 86. Akashinda dola 2,500,000. Mwaka ule walioshindana walikuwa 839. Mwaka wa pili wakawa 2,576, na mwaka 2006 wakawa 8,773. Watu hawa walimwona mtu kama wao, mwenye kazi ndogo ya ofisini, amevuka kwa siku chache. Katika kila mia moja wao, wengi mno walikwenda kutoa tu. Wachezaji wa kazi hawakumwonea Moneymaker husuda. Walifurahi, kwani bahari yao ilikuwa imejaa.

Hoja ya pili ni ridhaa. “Hakuna niliyemshika mkono. Wote ni watu wazima, wote wameketi kwa hiari yao, na Kurani imehalalisha biashara kwa kuridhiana.” Ni kweli kuwa Suratun Nisai, aya ya 29, imetaja kuridhiana, lakini imetaja biashara pamoja nako, na mwanzo wa aya imekataza mali kuliwa kwa batili. Muuza samaki anataka fedha, mnunuzi anataka samaki. Akiulizwa kila mmoja baada ya kuachana kama anaridhia kilichotokea, atajibu ndiyo. Sasa na aulizwe mwalimu, mshahara wake umekwisha, naye anatoka mlangoni alfajiri. Aliridhia nini? Aliridhia kushinda. Kila mmoja katika meza ile ameridhia kwa sharti la moyoni kuwa balaa itamwangukia mwenziwe. Ridhaa kama hiyo haikutani mahali. Kila moja ni kinyume cha nyingine.

Na kuna jambo katika ustadi huu ambalo halitajwi sana, nalo labda ndilo zito kuliko yote kwa mtu aliyelelewa chuoni. Kijana amejizoeza kuzitazama nyuso. Aona mkono unaotetemeka, jicho linaloiangalia fedha iliyobaki, koo linalomeza mate. Ajua kuwa huyu amebakiwa na fedha ya kodi ya nyumba, na ajua kwa kujua huko kuwa ndio wakati wa kuongeza dau. Tabibu naye husoma khofu katika uso wa mtu, apate kumtibu. Mwalimu huisoma, apate kumtuliza mwanafunzi. Huyu huisoma apate kuitumia, na akiingiwa na huruma amekwisha kukhasirika; katika kazi yake huruma huhesabiwa kuwa ni kosa la mchezo, hurekebishwa kwa mazoezi. Aya za 90 na 91 za Suratul Maida zimeitaja kamari pamoja na ulevi, zikataja uadui na bughudha na kuzuiwa na Sala. Kijana husema: “Sisi hatuna uadui, hupeana mikono mwisho wa mchezo.” Uadui wa kupigana hawana, hilo ni kweli. Lakini mtu aliyejifunza miaka minne kutoona haya mbele ya khofu ya ndugu yake, huo wake uitwe nini? Na Sala ya alfajiri imemkuta wapi, hilo na alijibu mwenyewe.

Nyumba za mchezo nazo zina mizani yake ya ajabu. Mwaka 2012 mchezaji mashuhuri wa poka, Phil Ivey, alicheza mchezo mwingine wa karata katika kasino la Crockfords mjini London. Yeye na mwenziwe walitambua kuwa migongo ya karata haikukatwa sawa, wakamwomba mgawaji azigeuze baadhi yao kwa kisingizio cha kuamini mikosi. Kasino likakubali, mcheza kamari mwenye kuamini mikosi ni mgeni apendwaye. Akashinda pauni milioni 7.7, nalo likakataa kulipa, na tarehe 25 Oktoba 2017 Mahkama ya Juu ya Uingereza ikahukumu kuwa alichokifanya ni udanganyifu. Na udanganyifu ulikuwapo, hapana shaka. Lakini angalieni: lilipodhani kuwa yeye ndiye asiyejua, kasino halikuona ubaya wowote katika kuchukua mali ya asiyejua.

Kisha huja hoja ya tatu, ambayo huwashinda wazee wengi kwa sababu inawafaa: wema wa kijana. Ameezeka nyumba ya mama yake, analipa ada ya wadogo zake, na mchango wa msikiti ulipopitishwa yeye alitoa kuliko wenye maduka. Wako wanaosema pembeni kuwa afadhali mcheza karata mkarimu kuliko tajiri bakhili anayesali safu ya kwanza. Watu hawa na waisome khabari ya kamari ya Waarabu wa Jahiliya. Katika miezi ya baridi na njaa wenye mali walimchinja ngamia, wakamgawa mafungu, wakatoa mishale kumi katika mfuko: saba yenye mafungu na mitatu mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu hulipa thamani ya ngamia. Na aliyeshinda hakula nyama ile. Aliwapa masikini, na ilikuwa aibu kwake kuila. Asiyeshiriki waliitwa bakhili. Kamari hiyo, yenye sadaka ndani yake, ndiyo iliyoshukiwa na aya ya 219 ya Suratul Bakara, ikakiri kuwa yana manufaa, kisha ikasema kuwa madhara yake ni makubwa zaidi. Haikuharimishwa kamari ya mabakhili peke yao.

Ama kuwa serikali imeruhusu, hilo halina urefu. Tanzania ilitunga sharia yake mwaka 2003, na iko bodi iitwayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, nayo hutoa leseni, na kodi hukusanywa. Ruhusa ya serikali humwondolea mtu polisi. Haimwondolei swali la akhera. Ila inafaa kuangaliwa kuwa sharia hiyo imeuita mchezo kwa jina la kubahatisha, na mchezaji wa kazi asema habahatishi. Na kwa kuwa haki haina upande, na isemwe pia kuwa wako watu wazima, wengine na ndevu zao nyeupe, wanaomlaumu kijana wa karata ilhali Jumamosi wameketi na simu wakiwekea fedha timu za Uingereza, na usiku husikitika kuwa “mkeka umechanika”. Mkeka! Neno walilolizoea kwa kusalia. Hao hawana hata ustadi wa kujitetea kwao. Katika meza ya kijana wao ndio samaki.

Limebaki swali la mwisho, nalo huulizwa na aliyekwisha kukinaika: akitubu, afanye nini na alichonacho? Kuacha kucheza na kujuta hakutoshi, kwani hapa iko haki ya watu. Mkataba wa kamari ni batili, na kwa mkataba batili mali haihami. Fedha ya mwalimu ilipoingia mfukoni mwa kijana ilibaki kuwa ya mwalimu. Vivyo hivyo waliomshinda yeye wamechukua mali yake, na hao aweza kuwasamehe, kwani ni haki yake. Hawezi kujisamehe kwa niaba ya wengine. Wale wa katika simu, ambao hajui hata wako nchi gani, Imam Ghazali alieleza, na Imam Nawawi akamfuata, kuwa mali isiyojulikana mwenyewe hutolewa katika maslaha ya Waislamu au kwa mafakiri, kwa nia ya kujivua nayo, si kwa nia ya kutaka thawabu ya sadaka. Mabati ya nyumba ya mama hayataezuliwa. Thamani yake imekuwa deni juu yake, atalilipa kadiri atakavyopata chumo la halali, hata kama ni kwa miaka.

Na wanaojulikana, Mwenyezi Mungu amemrahisishia njia kwa kitu ambacho hakukiweka kwa ajili hiyo. Wachezaji wa kazi huandika daftari. Kila mkao una mstari wake: tarehe, saa, fedha iliyoingia na iliyotoka, na khabari za waliokuwapo, nani ana pupa na nani hukata tamaa upesi, ili siku nyingine ajue pa kuwashika. Kijana wa Mwisenge anayo madaftari manne. Safu ile aliyokuwa akiitazama kwa furaha kuwa ni faida, sasa na aisome kuwa ni deni, na majina yako kando yake kwa mkono wake mwenyewe. Aanze na aliye karibu: mwalimu, shilingi 240,000, usiku wa mwisho wa mwezi. Kisha dereva. Wa tatu katika ukurasa ule amekwisha kufa, na fedha yake hupewa warithi wake. Na wakiwamo watoto wadogo, fungu lao hukabidhiwa msimamizi wao mbele ya mashahidi.